Mnamlaumu Binti Beki: Lango Nani Ameliacha Wazi?



Limeenea katika baadhi ya misikiti ya Mkoa wetu wa Singida, kuanzia Manispaa hadi Ikungi na Manyoni, neno ambalo tumelivumilia kwa muda na sasa tunaona kulinyamazia ni khiyana. Neno lenyewe ni kwamba binti wa Kiislamu anayecheza mpira wa miguu amelaaniwa, kwamba mzazi wake hana ghera, na kwamba hapana haja ya kuuliza anacheza wapi, na nani, amevaa nini wala mbele ya nani, kwani mpira wenyewe kwa mwanamke ni laana. Linasemwa juu ya mimbari siku ya Ijumaa, mbele ya wazazi ambao mabinti zao wamo katika timu za shule, na mabinti wenyewe wapo nyuma ya pazia wanasikiliza.

Sisi ni waalimu wa madrasa. Mabinti hao ndio tunaowasomesha alasiri, wanapofika na vumbi la uwanja miguuni na msahafu mkononi. Hatulizungumzi jambo hili kwa kusimuliwa. Tunakusudia kuijadili hoja ya waheshimiwa makhatibu kwa dalili, kisha tuseme lililo kubwa kuliko hilo, ambalo mimbari zetu zimelipita kimya.

Kwanza na tumjue anayezungumzwa. Yupo Mtanzania aitwaye Julietha Singano, ambaye kazi yake ni beki wa kati. Kwa wazee wetu wasioufuatilia mchezo huu, beki wa kati ni yule asimamaye mbele ya mlinda mlango, wa mwisho kupitwa kabla ya bao. Yeye huuona uwanja wote mbele yake. Huwapigia kelele wenzake wasogee pamoja ili mshambuliaji wa upande wa pili anaswe katika kuotea. Hupanda kichwa kwenye kila kona na huinuka na nundu. Ni kazi isiyokuwa na shukurani nyingi. Mshambuliaji akikosa mara tatu na kufunga ya nne hubebwa mabegani, na beki akizuia mara ishirini na kuteleza mara moja, hiyo moja ndiyo inayokumbukwa. (Mwenye kuwahi kuwa mweka hazina wa msikiti ataifahamu hali hii bila ya kufafanuliwa.)

Singano aliichezea Simba Queens, timu iliyotwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Wanawake misimu mitatu mfululizo kuanzia 2019/2020, na mwaka 2022 akaenda kuichezea FC Juárez, klabu ya mji wa mpakani kabisa baina ya Mexico na Marekani. Lizingatiwe kuwa ligi kuu ya wanawake hapa nchini ilianza msimu wa 2016/2017 tu, na ile ya Mexico mwaka 2017. Si Singano peke yake. Enekia Lunyamila alipitia Morocco na Saudi Arabia kabla naye hajafika Mexico katika klabu ya Mazatlán. Clara Luvanga, ambaye ni mshambuliaji, alijiunga na Al Nassr ya Riyadh mwaka 2023. Timu ya Taifa ya wanawake, Twiga Stars, ilifika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2010 huko Afrika Kusini ikafungwa michezo yote mitatu; ikakaa miaka kumi na mitano bila ya kurudi, na iliporudi, Julai 2025 nchini Morocco, ilitoka sare ya bao 1 kwa 1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi. Na wadogo zao wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, waliifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1 katika Kombe la Dunia la India mwaka 2022 na kufika robo fainali.

Hatuwataji hawa ili mabinti zetu wawaige katika kila jambo, wala hatukuja kuhoji itikadi ya mtu. Tunawataja kwa sababu binti wa Kidato cha Pili wa Kiomboi anawajua wote kwa majina. Alianza kuucheza mpira kwenye mashindano ya UMITASHUMTA akiwa shule ya msingi, sasa yumo katika UMISSETA, na anachokiona mbele yake ni ajira: mshahara, mkataba, na pengine nyumba ya mama yake iliyoezekwa bati. Katika Mkoa ambao mwaka wa mvua haba familia nzima huhesabu magunia ya alizeti kwa vidole vya mkono mmoja, jambo hilo si dogo. Basi khatibu anayemwambia binti huyu kuwa amelaaniwa, na ajue kuwa anasema juu ya riziki. Haamui ugomvi wa watoto. Na mwenye kusema juu ya riziki ya mtu aje na dalili yenye uzito wa jambo lenyewe.

Dalili iliyoletwa ni hadithi aliyoipokea Imam Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), ya kulaaniwa wanaume wanaojifananisha na wanawake na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Hadithi ni sahihi, na hapana katika sisi anayeipinga. Lakini usahihi wa hadithi ni nusu ya hoja. Nusu ya pili ni kuthibitisha kuwa jambo linalohukumiwa limo ndani yake. Wanazuoni walioisherehesha wamelielekeza katazo kwenye yale yaliyo mahsusi kwa jinsia moja katika mavazi, mapambo, na namna ya kusema na kutembea kwa mwenye kujikusudia. Je, kukimbia ni mahsusi kwa wanaume? Je, kupiga kitu kwa mguu? Kama ni hivyo, basi binti wa Kinyiramba anayewakimbiza ng'ombe wa baba yake wasiingie shambani naye amejifananisha na wanaume, na mbona hajawahi kukatazwa na yeyote? Asili ya mambo yasiyokuwa ya ibada ni uhalali mpaka ije dalili ya kuyaondoa humo. Kanuni hii tuliisoma sote, na waheshimiwa wanaijua vizuri zaidi kuliko sisi.

Na dalili ya upande wa pili ipo. Imepokewa na Abu Daud na Imam Ahmad kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.) wakiwa safarini, na Bi Aisha akamshinda. Zikapita siku, Bi Aisha akaongezeka mwili, wakashindana tena, safari hii Mtume (S.A.W.) akamshinda, akacheka na kumkumbusha kuwa wamelipana. Hayo ni mashindano ya nguvu za mwili, ya mwanamke, yaliyofanywa na Mtume mwenyewe, na si mara moja. Lakini katika mapokezi ya Imam Ahmad limo jambo ambalo wanaoishika hadithi hii kwa haraka hulipita, nalo ni kwamba kabla ya kuanza mbio aliwaamuru watu watangulie mbele. Yaani mashindano yalikuwepo, na sitara ilikuwepo. Anayeutaja upande wa kwanza pekee amekata hadithi katikati, na anayepiga marufuku kila kitu ameitupa yote.

Kisha yupo Nusaiba binti Kaab (R.A.), Ummu Umara. Siku ya Uhud, watu walipomkimbia Mtume (S.A.W.), yeye alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki kumkinga, akapigwa pigo lililoacha jeraha kubwa begani mwake. Tunajua tutajibiwa kuwa ile ilikuwa vita, na vita ni dharura. Ni kweli, na ndiyo sababu hatukuianza hoja yetu hapo, tukaianza kwenye mbio ambazo hazikuwa vita. Tunamtaja Ummu Umara kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba ule msemo unaorudiwa kuwa kusimama kidete na kuzuia si maumbile ya mwanamke, wasemao hivyo hawaijui Sira.

Basi hukumu tunayoiona sisi ni hii. Binti kucheza mpira na mabinti wenzake, mahali palipositiriwa, chini ya mwalimu mwanamke, bila ya kupoteza Sala, ni jambo la halali, na kwa afya yake linapendeza. Kucheza kwa malipo mbele ya maelfu ya wanaume na kamera za televisheni ni mas'ala mengine, na katika hilo sisi tumo pamoja na wanaoona ugumu. Hatufichi. Hata hivyo kuna masafa marefu baina ya kusema “hapa pana ugumu” na kusema “wewe umelaaniwa”. Kauli ya kwanza humfanya binti aulize afanyeje, na ya pili humfanya aache kuuliza, akaondoka. Na wanaondoka, ndugu zetu. Tunawakosa kwenye darasa la alasiri mmoja baada ya mwingine, wala hawaachi mpira, wanaacha madrasa.

Tukimaliza na makhatibu, tunao na wale wa upande wa pili, ambao hutuambia kwa tabasamu kuwa binti akitaka kufika mbali avue kitambaa, kwa kuwa dini ni ya nyumbani na uwanja ni wa dunia. Wanasema hivyo kana kwamba ni sheria ya maumbile. Na tuitazame historia yake.

Mwezi Juni 2011, mjini Amman, timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mchezo wa kufuzu Olimpiki ya London kwa sababu wachezaji wake walifunika vichwa, ikahesabiwa kuwa imeshindwa mabao 3 kwa 0 bila ya mpira kupigwa. Hoja ya FIFA wakati ule ilikuwa ni usalama wa shingo ya mchezaji. Waliodai haki hawakunyamaza, na miongoni mwao alikuwemo Mwanamfalme Ali bin Hussein wa Jordan, aliyekuwa Makamu wa Rais wa FIFA. Mwaka 2012 kitambaa kiliruhusiwa kwa majaribio, na tarehe 1 Machi 2014 ruhusa ikawa ya kudumu. Hapana shingo iliyovunjika. Mwaka 2016, Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 lilipofanyika Jordan, wapo waliocheza wamejifunika.

Na mwaka 2023 akaja Nouhaila Benzina wa Morocco. Naye ni beki, tena wa kati, wa klabu ya jeshi ya AS FAR ya Rabat. Tarehe 30 Julai, mjini Adelaide nchini Australia, alisimama nyuma ya wenzake akiwa amefunika kichwa, mikono na miguu, akawa mwanamke wa kwanza kucheza fainali za Kombe la Dunia la wakubwa katika vazi hilo. Morocco ilikuwa imetoka kufungwa na Ujerumani mabao 6 kwa 0, mchezo ambao Benzina hakucheza. Siku hiyo, mbele ya Korea Kusini, walishinda 1 kwa 0. Beki kazi yake ni lango lisifungwe, na halikufungwa. Mchezo uliofuata wakaishinda Colombia 1 kwa 0, lango likabaki salama tena, wakavuka kwenda hatua ya mtoano, wakatolewa huko na Ufaransa.

Na Ufaransa hiyo, mwezi mmoja tu kabla, tarehe 29 Juni 2023, Baraza lake Kuu la Serikali lilikuwa limeamua kuwa shirikisho la mpira la nchi hiyo lina haki ya kuendelea kuwakataza wachezaji wake kufunika vichwa. Yaani binti wa Kiislamu wa Marseille aliweza kumtazama Benzina kwenye televisheni akicheza dhidi ya timu ya nchi yake, na yeye mwenyewe, kwa vazi lile lile, asiruhusiwe kuingia uwanjani katika ligi ya mtaani kwake. Hiyo ndiyo “dunia” tunayoambiwa kuwa tuvue vitambaa ili itupokee. Tunamwambia binti wa Singida: kanuni za mchezo wenyewe zimekuruhusu tangu mwaka 2014. Kocha au mwalimu wa michezo atakayekwambia uvue, mwambie akuoneshe ilipoandikwa.

Wapo pia wanaotuletea Saudi Arabia. Wanasema: mbona nchi ya Haramain ina ligi ya wanawake tangu mwaka 2022, nanyi wa Singida ni akina nani? Hapa inatupasa tuseme kitu, kwa kuwa sisi ni miongoni mwa waliosomea kwa Waarabu. Hatukupelekwa huko kujifunza kuwa amri ya mtawala ni dalili ya kisheria. Kabla ya Januari 2018, wanawake walipokuwa hawaruhusiwi hata kuingia viwanjani kutazama, masheikh fulani wa hapa kwetu walikuwa wakisema, “Tazameni Saudia.” Sasa milango imefunguliwa, na wengine ndio wanaosema, “Tazameni Saudia.” Nchi haikuwa dalili ilipofunga, wala haikuwa dalili ilipofungua. Dalili ni kauli ya Allah (S.W.) na Mtume wake, na ijmai na kiasi sahihi, na hayo hayabadiliki kwa tangazo la wizara.

Sasa tuje kwenye lile tulilosema kuwa ni kubwa.

Katika mpira huu huu ambao binti analaaniwa kwa kuucheza, limo jambo ambalo uharamu wake hauna khilafu, nalo ni kamari. Mwaka 2017 kampuni ya ubashiri ya SportPesa iliingia udhamini na Simba, na Yanga, na Singida United yetu iliyokuwa imepanda Ligi Kuu. Jina la kampuni ya kamari likaandikwa vifuani mwa vijana waliotoka kwenye uwanja ambao wakati ule ukiitwa Namfua na leo unaitwa Liti. Je, khutba ya siku hizo ilikuwa juu ya nini? Watu waliinunua jezi ile, wakaivaa, wapo walioingia nayo msikitini wakasali nayo safu ya kwanza. Hadi leo, baina ya Maghribi na Isha, wapo vijana wanaoegemea ukuta wa msikiti na simu zao wakihesabu mikeka, na mwenye kuwapitia huwasalimu na kuwauliza mchezo unaanza saa ngapi. Aya ya 90 ya Suratul Maida imeiweka kamari pamoja na ulevi na masanamu katika amri moja ya kujiepusha. Kijana wa mkeka hajasikia kuwa amelaaniwa. Anasikia hivyo dada yake.

Na ulevi nao haukuwa mbali. Kuanzia msimu wa 2018/2019 ligi ya wanawake yenyewe ilibeba jina la bia, ikaitwa Serengeti Lite. Hebu tafakari: binti wa miaka kumi na minane, aliyetoka nyumba ambayo pombe haijawahi kuingia, anaingia uwanjani na jina la bia limetandazwa kwenye mabango. Lingekuwepo jambo la Waislamu kuliandikia barua TFF, kwa adabu na kwa hoja, lilikuwa hilo, kwa kuwa udhamini ni makubaliano ya watu na hubadilishwa na watu. Hatukusikia mimbari ikilitaja. (Mwaka 2021 Ligi Kuu ya wanaume nayo ikachukua jina la benki, lakini mlango wa riba tusiufungue leo, karatasi haitatosha.)

Na lipo la tatu, nalo linahusu mwili wa binti huyo huyo ambaye kaptura yake inawakera watu. Kwa uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/2016, asilimia 31 ya wanawake wa Mkoa wa Singida walio baina ya miaka 15 na 49 walikuwa wamekeketwa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 20. Imepungua, alhamdulillah, lakini bado ni mwanamke mmoja katika kila watano, katika Mkoa wetu huu, miaka mingi baada ya sheria ya mwaka 1998 kulifanya jambo hilo kuwa kosa la jinai kwa msichana wa chini ya miaka 18. Wapo wanaolisingizia kuwa ni sunna, na baadhi ya watoto hufanyiwa wakiwa wachanga kabisa ili mkono wa sheria usiwafikie wakubwa. Ulinzi wa mwili wa mwanamke ambao hupaza sauti kwa kaptura na kunyamaza kwa wembe, huo ni ulinzi wa namna gani? Tungependa kuisikia khutba ya jambo hilo Ijumaa moja tu, kwa ukali ule ule wa khutba ya mpira.

Sasa inabaki kusema lifanyike nini, kwani kukemea bila ya kuonesha njia ndiyo kazi tunayowalaumu wenzetu.

La kwanza ni uwanja. Shule zetu za Kiislamu na madrasa nyingi za Mkoa huu zina ardhi. Singida si Kariakoo, ardhi ipo. Uzio wa matofali ya kuchoma upande mmoja na mabua au mabati kwa pande zilizobaki, magoli mawili ya miti, na siku mbili za wiki zilizotengwa kwa wasichana. Apatikane mwalimu mwanamke mwenye filimbi na anayejua kanuni. Wasichana waliomaliza shule na kucheza UMISSETA wapo mitaani wamekaa. Hao ndio wafundishwe kuwa waalimu. Na afundishwe kuwaandaa magoti yao kabla ya mchezo kwa mazoezi ya kuruka na kutua, kwani imethibiti kuwa wanawake huumia kano ya ndani ya goti mara nyingi kuliko wanaume, na jeraha hilo huweza kumweka mchezaji nje miezi tisa au zaidi. Beki, ambaye kila mara hugeuka ghafla kumfuata mshambuliaji, ni miongoni mwa walio hatarini. Kwa klabu kubwa kuna daktari. Kwa binti wa Mkalama kuna mama yake na maji ya moto.

La pili ni mkataba, na hapa ndipo tunapowasihi wazazi wasome taratibu. Atakapotokea binti ambaye, baada ya nasaha zote, ameshika njia ya kucheza kwa malipo, kumkana si suluhisho. Baba anayesema “sitaki kusikia habari zake” amemtoa binti mikononi mwake na kumkabidhi kwa wakala. Walii ni walii siku ya ndoa na siku nyingine zote. Aende na binti yake, aketi mezani, aombe karatasi. Suratul Maida ile ile huanza kwa kuamrisha kutimiza mikataba, na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandika deni na kushuhudisha. Umma wenye aya hiyo hautakiwi kuwa umma wa kukubaliana kwa mdomo chini ya mti.

Na yapo ya kujua kabla ya kuketi. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache maalumu. Anayekuja kumchukua binti wa miaka kumi na sita kwa ahadi ya Ulaya au Uarabuni, muulizeni ni kwa kipengele gani. Mkataba wa aliye chini ya umri huo hauruhusiwi kuzidi miaka mitatu. Pasipoti ni ya binti, haikai katika mkoba wa wakala. Na kuanzia tarehe 1 Januari 2021, mchezaji anayepata ujauzito ana haki ya likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara, na klabu haina haki ya kumwachisha kwa sababu hiyo. Haya hayakubaki kwenye vitabu. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland alipopunguziwa mshahara na klabu ya Lyon ya Ufaransa wakati wa ujauzito wake, alishitaki, na klabu ikaamriwa kumlipa zaidi ya yuro 82,000. Hukumu hiyo ilijulikana Januari 2023. Alishinda kwa kuwa alikuwa na karatasi na alikuwa na aliyeisoma.

Katika karatasi hiyo hiyo, binti wa Kiislamu ana haki ya kuomba yake yaandikwe: vazi lake, muda wa Sala, chakula cha halali kambini, Ramadhani, chumba chake na mwenzake mwanamke, na kuwa hatatumiwa katika matangazo ya pombe wala ya kamari. Klabu inaweza kukataa. Ikikataa, binti na walii wake watakuwa wamelijua hilo mapema, kalamu ikiwa bado haijagusa karatasi.

La tatu ni ulimi. Tunawaomba makhatibu, tena kwa heshima ya elimu yao na umri wao, waliondoe neno la laana kwa mtu aliye hai anayesali nyuma yao. Akisemwa, asemwe kama binti wa nyumba. Anayetaka kumkataza, amkataze kwa dalili na kwa kumwita pembeni pamoja na wazazi wake, na awe tayari kusikia jibu.

Mwenye dalili tofauti na hizi tulizozileta, tunamwomba aiandike na kuitia saini, nasi tutaipeleka kwa wahariri kama ilivyo bila ya kuondoa herufi, hata ikiwa inatupinga kutoka mwanzo hadi mwisho. Na mwenye matofali, au bati, au binti aliyesomea ualimu wa michezo na bado hajapata ajira, awaone waalimu wa madrasa iliyo karibu naye siku yoyote baada ya Sala ya Alasiri.